Pikipiki Ndefu na Vichuguu vya Njia ya Bugarama

Miguu yangu haikufika chini. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya wakubwa wa kazi, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya daktari ambaye wala hakuwa ameniuliza. Sasa nimefika umri ambao kimo hakimwongezei mtu chochote, kwa hiyo naandika: nilipoikalia ile pikipiki, mguu wa kushoto uligusa ardhi kwa ncha ya kidole gumba, na wa kulia ulining'inia kama kibuyu kwenye kamba.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati kila kijiji kilitakiwa kuwa na darasa la kisomo, na watu wazima walijifunza kuandika majina yao ndani ya maghala ya pamba. Mimi nilikuwa mkaguzi wa madarasa hayo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na maoni mengi. Ofisi yetu ilikuwa Shinyanga mjini, lakini eneo langu lilipita Kahama, likaenda Bugarama, likaishia Ushirombo, ambako ndiko kwetu. Mara mojamoja nilitumwa hadi Rwamgasa, upande wa Geita, ambako wachimba dhahabu walijifunza hesabu za mizani haraka kuliko walimu wao.

Wafadhili wetu, watu wa nchi yenye barabara, walituletea pikipiki. Haikuwa ile ndogo ya mabwana shamba, inayolia kama mbu na kubebeka mtoni. Hii ilikuwa pikipiki ya safari. Ilikuwa na kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti kipana kama benchi la kanisa. Aliyeitengeneza alimfikiria mtu anayetaka kuvuka bara zima bila kushuka. Kijitabu kilichokuja nayo kilikuwa na picha ya mtu huyo: mwanaume wa miguu mirefu, yuko kando ya ziwa, ameweka mguu mmoja chini bila wasiwasi wowote. Niliitazama picha ile mara nyingi. Sikutazama ziwa.

Pikipiki nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa na leseni. Kaka yangu alikuwa amenifundisha kwa pikipiki ya parokia, ndogo na yenye huruma. Mwenzangu wa ofisini, ambaye aliitaka kwa moyo wote, alikuwa na miguu ya kuwatosha watu wawili, ila leseni hakuwa nayo. Mkubwa wetu aliniuliza kutoka dirishani mwa ofisi yake:

"Miguu inafika, Mwalimu?"

"Inafika."

"Nione."

Nilikuwa nimeiegemeza kando ya baraza la stoo, na mguu wangu ulikuwa juu ya baraza. Kutoka dirishani baraza halikuonekana, lilikuwa limefichwa na pipa la maji.

"Vizuri," akasema. "Maana kama haifiki, kuna mtu anasubiri."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukana.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba kuendesha hakuhitaji ardhi. Ukishaondoka, miguu hukaa pale ilipowekewa, na mtu mfupi ana raha sawa na mrefu. Kusimama ndiko kunakotaka ardhi. Kwa hiyo sikujifunza njia ya Bugarama kwa vijiji vyake, nilijifunza kwa vichuguu. Kichuguu kizuri kina kimo cha goti, kilele bapa, na wenyewe wamekwisha kuhama. Kilicho hai kina udongo mbichi juu, na ukikikanyaga unazama hadi kifundo, kisha wenye nyumba wanatoka. Upande wa kuelekea Kahama viko vingi, vyekundu, vimejipanga vizuri kando ya barabara. Ukiingia kwenye mbuga ya udongo mweusi vinakwisha ghafla, na hapo nilikuwa sisimami hata kama nina kiu.

Sasa, sisi ni watu wa kusalimiana. Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa, lakini mgeni afahamu: mtu akisimama kando ya njia, anayepita husimama. Kama anayepita ni mwanamke na aliyesimama ni mzee, mwanamke huteremka kwenye chombo chake, hukunja goti, na salamu huanza. Huulizwa ametoka wapi, kwao ni wapi, mvua huko ikoje, na ng'ombe wanaendeleaje, hata kama hana ng'ombe. Kumwinulia mzee mkono ukiwa unapita ni sawa na kumfukuzia inzi.

Mimi nilisalimia waliosimama penye vichuguu. Kwao nilisifika kwa adabu, na niliondoka na karanga mifukoni. Wasio na vichuguu walipata mkono, tena mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa kwenye usukani.

Katika kijiji kimoja cha mbugani, kati ya Kahama na Bugarama, alikuwapo mwenyekiti mmoja ambaye kila nilipopita nilimkuta amesimama kando ya barabara, kofia mkononi. Pale palikuwa bapa kama sinia. Nilidhani anapenda pikipiki, watu wengi walipenda. Nilimwinulia mkono, nikaongeza moto kidogo ili aifaidi vizuri.

Siku moja mkubwa aliniita ofisini. Mwenzangu wa miguu mirefu alikuwa amekaa tayari, na kwenye mfuko wa shati lake ilichungulia kona ya leseni mpya.

"Kuna malalamiko," mkubwa alisema. "Mwenyekiti wa kijiji fulani kasimama kwenye mkutano wa wilaya, mbele ya watu wote. Kijiji chake kinaomba darasa la kisomo. Kila unapopita anakungoja barabarani akuambie. Wewe unampita. Amesema unapita kama ndege ya serikali."

Mkubwa akaliweka jalada kando.

"Kwa nini husimami?"

Jibu lilikuwa fupi kama mimi, na kama ningelitoa ningeondoka pale kwa miguu. Nikasema, "Nilikuwa nawahi kazi, Mzee."

"Kazi ni hao watu," akasema. "Sikiliza. Kabla mwezi haujaisha, nenda kwa mzee huyo. Ukae naye. Akiridhika atanipigia simu. Asiporidhika pia atanipigia. Baada ya simu hiyo nitajua pikipiki ni ya nani na majalada ni ya nani."

Mwenzangu aliyatazama majalada kabatini, halafu akanitazama mimi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba chake.

Ningeweza kwenda kwa basi, nikashuka, nikapiga goti, nikarudi. Nililifikiria hilo. Lakini mzee alichokilalamikia ni mwanamke wa pikipiki asiyesimama, na kumpelekea mwanamke wa basi kusingekuwa jibu. Isitoshe, mwezi uliofuata ningempita tena. Kilichotakiwa kubadilika ni ama miguu ama pikipiki, na miguu nilikuwa nimeshaijaribu tangu utotoni.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa karibu na soko. Pikipiki kubwa alikuwa amewahi kuifungua kwa macho tu, na hilo alilisema wazi, kwa furaha ya mtu anayealikwa karamuni.

"Shida ni nini, Mwalimu?"

"Iko juu."

Akaizunguka, akanizunguka na mimi. "Si wewe uko chini?"

"Fundi, mteja ni nani hapa?"

"Basi iko juu," akasema. "Ipande nione." Nikapanda, yeye akiishika kwa nyuma. Alipoona miguu yangu alijitahidi sana kutocheka, akashindwa. "Mwalimu! Umekuwa ukienda Bugarama hivyo hivyo? Unasimamaje?"

"Kwenye vichuguu."

Akaacha kucheka. "Hiyo ni akili," akasema, akakaa chini kwenye kigogo chake, na tukaanza kufikiri pamoja. Nazikumbuka siku zile kama siku za shule, shule ambayo mwalimu hakuja na wanafunzi wawili wameachiwa ufunguo wa maabara.

Tulianza na viatu, kwa sababu viatu havina bolti. Wakati ule vijana wa mjini walivaa raizoni, viatu vya soli nene kama tofali, na mimi nilikuwa nimewacheka kwa maneno ya kisomi. Sasa nilipeleka buti zangu kwa mshona viatu zikaongezewa raba ya tairi la lori, tabaka juu ya tabaka. Miguu ilisogea karibu na ardhi, lakini mguu wa kushoto haukusikia tena gia. Kidole hakikuingia chini ya mkono wa gia kwa unene wa buti, na nilitoka sokoni hadi kituo cha basi kwa gia ya kwanza, pikipiki ikilia kama imefiwa. Tukapunguza tabaka. Kisha fundi akauchomoa mkono wa gia kwenye ekseli yake, akaurudisha jino moja juu zaidi, na kidole kikapata nafasi.

"Kumbe inasogezeka," akasema, akiutazama mkono ule kwa heshima.

Hilo ndilo lililotushika wote wawili. Tulidhani pikipiki imekuja ilivyo, kama ng'ombe alivyo na pembe zake. Kumbe karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kinangoja kuulizwa. Usukani ulizunguka ukilegeza bolti nne. Mikono ya breki na klachi ilishuka. Mimi nilikuwa nimeiendesha muda wote huo nikiwa nimejinyoosha kama mtu anayechungulia ukuta, na mgongo ukiniuma hadi Jumapili, nikiamini ndivyo safari zilivyo.

Tukafungua kiti. Ndani mlikuwa na sponji nene ya njano, safi kiasi kwamba ilitia huruma kuikata. Tukaikata. Nikafika chini vizuri zaidi, nikafurahi, nikaenda Ushirombo na kurudi juu ya mawimbi ya barabara ile, na Jumatatu niliendesha kikao cha ofisi nikiwa wima. Mkubwa alinikaribisha kiti. Nikasema nafikiri vizuri zaidi nikisimama.

Tukajaza pamba. Mkoa wetu haukukosa pamba. Siku ya kwanza ilikuwa kama kukalia wingu. Siku ya pili ilikuwa imeshindiliwa ikawa ubao. Fundi akapendekeza kamba za ngozi ya ng'ombe, zisukwe kama vitanda vya vijijini, zenye kunepa kidogo. Zilifaa. Kasoro yake ilikuwa kwamba ngozi ilikuwa bado na harufu ya mwenyewe, na mbwa wote wa Ibadakuli, nilipokwenda kufanya majaribio kwenye barabara ya kiwanja cha ndege, waliamua kwamba nakimbia na nyama yao. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile.

Baada ya kiti tukafika kwenye springi za nyuma. Chini ya kila moja palikuwa na pete yenye ngazi. Ukiizungusha upande mmoja springi hukaza na pikipiki huinuka, upande mwingine hulegea nayo huketi. Tukailegeza hadi mwisho. Iliketi kidogo tu, kwa kuwa ilikuwa imetengenezewa mzigo wa mtu mzito na mke wake na hema lao. Mimi peke yangu sikuwa mzigo.

"Tia uzito," fundi akasema.

Nikajaza masanduku vitabu vya kisomo, na ikakaa sawasawa. Niliondoka Shinyanga nikiwa nagusa chini kwa nyayo zote mbili. Lakini vitabu ni vya kugawa. Nilivigawa Kahama, nikavigawa vijiji vya mbele, na kila darasa pikipiki ilizidi kuinuka, hadi nikapita kwa yule mwenyekiti nikiwa juu kama zamani. Alikuwa amesimama palepale. Nikainua mkono. Safari hii hakuonyesha hata kofia.

Nilipofika Bugarama nilikuwa nimeshapata dawa, au niliamini hivyo. Kabla ya kuanza safari ya kurudi, nikaokota mawe nikajaza masanduku yote mawili.

Msomaji anayejua Bugarama ameshacheka. Wachimbaji watatu walikuwa wakinitazama kutoka mdomoni mwa duara lao, ndiyo shimo la dhahabu, na sikuwa nimefunga sanduku la pili walipofika.

"Mwalimu, za saa hizi."

"Nzuri."

"Mawe hayo umeyatoa wapi?"

"Hapo tu, kando ya njia."

"Kando ya njia," mmoja akarudia, akawatazama wenzake. Aliomba jiwe moja. Alililamba, akaligeuza juani, akalilamba tena. "Chuo kikuu wanafundisha mawe pia?"

"Mimi nafundisha kusoma."

"Sasa mawe ya nini?"

"Uzito."

Walicheka kwa adabu, kama watu wanaosikia uongo uliotungwa vizuri. Wakaniambia nisione haya, biashara ni biashara, ila tu niwaonyeshe nilipookota. Niliwaonyesha. Mmoja akabaki hapo kulinda, mwingine akaenda kuleta sururu. Yule wa tatu alilivunja jiwe langu, akalisaga, akalipepeta kwa maji kwenye karai mbele yangu, polepole, na nikiri kwamba ilipofika mwisho mimi nilikuwa nimeinama kuliko yeye. Udadisi haukuniacha hata pale. Karai lilibaki na mchanga mweusi.

"Halina kitu," akasema.

"Niliwaambia."

"Basi kwa nini unalibeba?" Kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika kweli. Dhahabu ya siri angeielewa. Mtu mzima, msomi, anayesafirisha mawe matupu kwenda Shinyanga, huyo alimshinda. Nikayamwaga yote mbele yake na kuondoka na masanduku matupu. Nilivyosikia, kando ile ya njia ilichimbwa kwa muda.

"Uzito ulikuwa wazo zuri," fundi alisema niliporudi, "tatizo ni mahali." Lakini safari ile ilikuwa imetufunza jambo jingine. Nyuma ikishuka peke yake, taa ya mbele hutazama angani, na kurudi kwangu jioni, springi zikiwa zimelegezwa hata bila mawe, nilikuwa nimemulika majani ya miti tangu Kahama. Kwa hiyo kilichobaki kushushwa kilikuwa mbele. Tukalegeza bolti zinazobana nguzo mbili zinazoshika gurudumu, tukazisogeza juu taratibu, huku fundi akiniambia "bado, bado, hapo," na pikipiki ikainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikapanda. Nilikaa bila kushikwa na mtu, uwanjani kwa fundi, kwenye mchanga na majivu ya mkaa, miguu yote miwili chini. Niliinua mikono juu. Wanawake wauza nyanya waliokuwa wamefuatilia jambo hili tangu mwanzo walipiga vigelegele.

"Sasa nenda ukasalimie," fundi akasema.

Siku yenyewe niliondoka mapema, nikasimama kwa kila aliyesimama. Sikuchagua. Nilipiga magoti Kahama nzima. Nilijibu habari za ng'ombe ambao sikuwa nao. Kilichonishangaza ni mambo niliyoyasikia: darasa moja lilikuwa limekufa tangu mavuno na ripoti zangu zilisema linaendelea, darasa jingine lilikuwa limehamia nyumbani kwa mama mmoja kwa sababu ghala lilivuja. Yote hayo yalikuwa yamesimama kando ya barabara yakinisubiri, na mimi nilikuwa nimeyainulia mkono.

Nilipokaribia kwa mwenyekiti nilivua kofia ngumu na miwani ya vumbi, ili aone uso. Hakuwapo barabarani. Alikuwa amechoka kungoja, nadhani. Nikakata kuingia nyumbani kwake, uwanja uliofagiwa na kusiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe hadi ukawa mgumu kama sakafu. Upande mmoja mkewe alikuwa ameanika michembe, vipande vya viazi vitamu vya chakula cha kiangazi, juu ya mikeka. Nikasimama. Miguu ikafika. Nikashusha stendi ya pembeni, nikateremka, nikakunja goti.

"Mwadila, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," akaitikia, yaani mama. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, ndiyo njema tu. Halafu, ili nisibakishe kitu, nikaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba." Sauti yake haikuwa na ukali wala utamu. "Umetoka wapi?"

Nikaanza kujibu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kwa sababu ambayo hata leo naiona ni nzuri sana kama fizikia. Pikipiki iliyoshushwa inahitaji stendi fupi zaidi. Stendi ikibaki na urefu wake wa zamani, pikipiki hailali pembeni kama inavyotakiwa, inasimama wima. Kwa fundi hatukuliona hilo, maana kwenye mchanga na majivu stendi ilizama kiasi cha kutosha. Kwenye uwanja uliosiribwa haikuzama. Ilisimama wima, ikafikiri kidogo, upepo ukasukuma kile kioo, na ikaangukia upande wa pili, juu ya michembe.

Kuku walitawanyika.

"Imekufa?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, baba. Imelala."

Nikaikimbilia, nikashika usukani, nikavuta. Haikutikisika. Mzee alinitazama nikihangaika, kisha akavua koti lake, akalitundika. "Ng'ombe akilala kwa njaa hainuliwi kwa pembe peke yake," akamwambia mkewe, "njoo ushike mkia." Mama akashika nyuma, mimi nikashika usukani, yeye akaingiza bega chini ya kiti chenye ngozi, na kwa sauti ileile wanayowahimizia ng'ombe wakati wa kiangazi tukaiinua. Tukaiegemeza kwenye ukuta wa ghala.

Petroli ilikuwa imevuja kidogo. Nikaketi chini na mama mwenye nyumba, tukaanza kutenga michembe mizima na iliyopondeka na inayonuka mafuta. Nilimwomba radhi hadi akachoka.

"Viazi vitaota vingine," akasema. Aliitazama miguu yangu, nimeikunja chini yangu kama yeye. "Mayu, wewe ni wa huko huko ofisi ya kisomo Shinyanga?"

"Ndiyo, mama."

"Wanawake mko wangapi huko?"

"Wawili," nikasema. Wa pili alikuwa mpiga chapa, lakini hakuuliza.

Akamtazama mumewe. Mumewe akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa analijua hilo tangu zamani.

Tulizungumza habari za darasa. Watu walikuwa tayari, wengi wao wanawake. Chumba kilikuwepo. Walichokosa ni ubao, vitabu na mtu wa kuwaandikisha. Nikaahidi vyote, nikahesabu ndani ya moyo ni vipi vilivyo mikononi mwangu kama mwezi ujao nitakuwa bado na pikipiki. Kisha nikajikaza. "Baba, kuhusu zile siku nyingine, barabarani..."

Akainua mkono wake, mmoja tu. "Hayo si ya kuzungumza na wewe," akasema. "Hayo nitayasema kwa mkubwa wako. Nitapiga simu."

Nilirudi Shinyanga nikiwa nimekwisha. Kwa fundi nilimweleza habari ya stendi, naye alishika kichwa, kisha papo hapo akachukua msumeno wa chuma, akaikata, akachomelea kisahani chini yake, akaijaribu kwenye saruji ya duka la jirani. Ilisimama vizuri kabisa. "Sasa ni yako," akasema.

Simu ilikuja siku ya mkutano wa pamba Kahama, ambako wenyeviti wote walikwenda. Mkubwa aliniita, na mwenzangu akaja bila kuitwa. Mwendesha mitambo ya simu wa Kahama alituunganisha baada ya kelele nyingi. Mwenyekiti alizungumza kama watu wote walivyozungumza na simu wakati ule, akiamini nguvu ya sauti ndiyo inayoifikisha Shinyanga, na mkubwa alilazimika kukisogeza kipokezi mbali na sikio. Tulisikia wote.

"Mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba, Mwenyekiti. Nakusikia."

"Nasema hivi! Yule mwanamke wenu mrefu, wa pikipiki, msimlete tena huku! Tumemkataa!"

Mkubwa alinitazama. "Mrefu?"

"Mrefu! Anapita juu huko, kichwa kwenye mawingu, hasalimii mtu! Huyo hapana! Tunamtaka huyu mwingine mliyemtuma juzi! Huyu mfupi!"

Mwenzangu alikohoa. Mimi nilitazama ukuta.

"Huyu mfupi amefanya nini?" mkubwa akauliza.

"Amepiga goti! Ameangusha pikipiki kwenye michembe ya mama, akakaa chini akaitenga yote kwa mkono wake! Mama amempenda! Anasema mtu mfupi ndiye anayeona walio chini! Huyu aje, darasa tumeshafagia! Halafu huyo mrefu mnyang'anyeni hiyo pikipiki, mpeni huyu!"

Mkubwa alinigeukia. Alianza kwenye kichwa changu, akateremka kwa macho taratibu hadi kwenye buti zenye raba ya lori, akakaa hapo muda mrefu, kisha akatazama nje ya dirisha, kule lilipo pipa la maji mbele ya baraza la stoo.

"Mwenyekiti," akasema hatimaye, "huyo mrefu hamtamwona tena. Tumemhamisha."

"Mmempeleka wapi?"

"Mbali," mkubwa akasema. "Mbali kabisa." Akaweka kipokezi chini.